Bonde Lisilolimwa

Maji yakimwagika huzoleka. Waliosema hayazoleki hawakuwa na kompyuta. Mwaka ule wa tisini na nane, mvua ilipokataa kurudi kwao, palikuwa na kijana mjini Njombe mwenye mashine juu ya meza, ameifunika kwa kitambaa cha kufuma kama mtu afunikavyo mkate, na kazi yake ilikuwa kuyazoa maji yote yaliyomwagika vilimani, kuyapima, kisha kusema yatapita wapi, yatapanda kimo gani na yatafika lini. Kisichozoleka ni watu. Wanawake saba na utingo mmoja walikuwa juu ya Fuso la viazi siku ya gulio, mto Lihova ukawachukua, na hakuna mashine iliyojua kuwarudisha.

Inspekta Dorosela Nyagawa alisimama juu ya kalavati la Lihova, buti zimeganda tope, akitazama mahali Fuso lilipoangukia. Barabara ile ya changarawe ilitoka vijijini, ikashuka bondeni, ikavuka mto, ikapanda tena kwenda kuikuta lami ya Makambako. Gari lilikwisha kuvutwa. Viazi vilibaki vimetapakaa kwenye majani ya ukingoni, vingine vimeanza kuchipua, na hakuna aliyeviokota. Watu wa Lihova walisema chakula kilichosafiri na maiti hakiingii chunguni.

Dereva, Hamis, aliokoka kwa kung'ang'ania shina la mwanzi, na kuokoka huko ndiko kulikomponza. Alikuwa mahabusu Makambako, na Jumatatu jalada lake lingefika kwa hakimu: kusababisha vifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Maneno yake hayakuwa yamebadilika tangu siku ya kwanza. Alifika mtoni mchana, jua liko juu, akashuka kutazama. Maji yalikuwa yanapita ndani ya mabomba ya kalavati kwa upole wake wa siku zote. Mvua ilikuwa imepiga milimani, hilo alilisikia, lakini mto haukuonyesha dalili. Akarudi kwenye usukani. Alipofika katikati, maji yakaja kama ukuta unaotembea, yakalipiga gari ubavuni.

Dhidi yake palikuwa na taarifa ya mtaalamu, kurasa chache zilizochapwa vizuri. Ilisema mto Lihova hauna tabia hiyo. Juu yake kuna kinamasi kipana kisicholimwa, kinachokunywa mvua kama sifongo na kuitoa pole pole; mvua ikipiga asubuhi, mto hujaa giza likiingia, tena kwa kupanda kidogo kidogo. Basi kituoni walijumlisha wenyewe. Hamis hakupita mchana. Alipita usiku umeingia, akaukuta mto umefurika, akauvamia kwa haraka ya kwenda kulala kwake. Hakuna aliyeliona gari likishuka bondeni; waliokuwa naye wote walikufa, na maiti hawaulizwi saa.

Afande Lameki, mkuu wa Dorosela katika upelelezi, alikuwa amelifunga jalada kwa kiganja. "Dereva anasema lake, kompyuta inasema lake," alimwambia. "Kompyuta haina mke wa kuiletea wali mahabusu. Haina sababu ya kudanganya."

Dorosela aliomba apewe hadi Jumatatu. Lameki akasema Jumatatu itafika hata asipoomba.

Alianza na uvumi, kwa kuwa uvumi ukiachwa bila kuchunguzwa huota mizizi mahakamani. Makambako nzima ilinong'ona kwamba Abdulatif, mkandarasi aliyejenga kalavati lile, aliuza simenti ya serikali gizani akachanganya mchanga na maombi. Kwa hiyo asubuhi ile alimleta Abdulatif mwenyewe, na nyundo.

Abdulatif alikuwa mwembamba kama mwiko, amevaa kanzu iliyopandishwa magotini kwa sababu ya tope. "Nitazame vizuri, Inspekta," alisema. "Mtu aliyekula mifuko yote ile ya simenti angekuwa na tumbo hili?"

"Wapo wanaokula na kukonda."

"Hao wana minyoo. Piga nyundo yako."

Dorosela aligonga ukingo wa kalavati, akagonga mabega yake, akashuka majini akagonga midomo ya mabomba. Zege lilijibu kwa mlio mkavu, mlio wa kitu kilichoshiba. Hakuna kona iliyomeguka. Alipanda juu akiwa amelowa hadi mapajani. Kila mtu alikuwa akisema kalavati limevunjika, na kila mtu alikuwa amelikanyaga hilo kalavati kuja kulisema. Lilikuwa zima. Maji yalikuwa yamepita juu yake tu.

Abdulatif, kwa sauti ya chini sasa, alimweleza kwamba yeye alitaka kuweka mabomba matatu. Alikwisha kujenga kuanzia Wanging'ombe hadi Ludewa na jicho lake lilimwambia matatu. Wakubwa wa mradi wakamjibu hesabu za kompyuta zinasema mawili yanatosha, la tatu ni ubadhirifu. Akajenga mawili. Mmoja wa wale wanawake saba, alisema, alikuwa akimuuzia maharage kila gulio, na hakuwahi kumpunja.

Dorosela hakuandika hilo la maharage. Alikuwa amekwisha kuinama kwenye mdomo wa bomba, upande maji yanakoingia. Takataka za mafuriko zilikuwa zimejikusanya hapo kama kiota cha ndege mkubwa: matawi ya miwati, nyasi, mawe. Alizichambua kwa mikono. Akatoa mabua ya mahindi, yameoza. Akatoa fito za kuegemezea maharage, zimechongwa ncha. Halafu akatoa pande la udongo mweusi, mzito, lenye mizizi ya majani ya kinamasini, akaligeuza. Upande mmoja ulikuwa umekatika kwa mstari ulionyooka. Maji hayakati hivyo. Jembe ndilo linalokata hivyo.

"Juu huko kuna nini?" aliuliza.

"Kinamasi," Abdulatif alisema. "Hakilimwi. Kila mtu anajua."

Dorosela alilifunga lile pande katika gazeti, akapanda gari kwenda Njombe.

Ofisi ya mradi wa barabara ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Anania Sanga, mhandisi wa maji, kijana wa Makete mwenye macho ya mtu asiyelala, alikaa mbele ya kompyuta akiwa amevaa koti na kofia ya sufu. Alidhani Inspekta amekuja kuthibitisha sahihi yake kwenye ile taarifa, akatoa kalamu. Dorosela alimwomba kwanza amfundishe jinsi mashine inavyojua mafuriko, amfundishe kama mtu atakayekwenda kumfundisha hakimu.

Anania alifundisha vizuri. Mto Lihova haukuwahi kuwekewa kipimo, alisema, kwa hiyo hakuna anayejua ulifurika kiasi gani miaka iliyopita. Palipokosekana kipimo cha mto, mtu huanzia kwenye mvua. Unachukua ramani na kuchora mpaka wa eneo lote ambalo tone likidondoka humo litaishia mtoni. Unaiambia kompyuta ukubwa wa eneo hilo na mvua kubwa inayoweza kunyesha. Kisha unaiambia mambo mawili magumu: ardhi hiyo itakunywa kiasi gani kabla ya kukinai, na kile kilichobaki kitatembea kwa mwendo gani hadi mtoni. Msitu una kinywa kikubwa na miguu mizito. Barabara haina kinywa kabisa. Kompyuta inajumlisha, inachora mstari wa mto unavyopanda na kushuka.

"Kwa hiyo inajua," Dorosela alisema.

"Haijui kitu, afande. Haijawahi kulowa. Inajua nilichoiambia."

Alimwonyesha mstari wa Lihova kwenye kioo. Ulipanda kwa uvivu, ukalala, ukashuka kwa uvivu, mgongo wa ng'ombe aliyejilaza. Kinamasi ndicho kilichoulaza hivyo. Kingeondolewa, mstari ungesimama.

Dorosela alifungua gazeti juu ya meza. Anania aliinua lile pande la udongo, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ule upande ulionyooka. Kidole kikasimama.

"Hili limetoka wapi?"

"Mdomoni mwa kalavati lako. Pamoja na mabua ya mahindi. Nani alikwambia kinamasi hakilimwi?"

Alisema aliona kwa macho yake. Alikwenda Aprili, kabla kalavati halijajengwa, akakuta maji na majani hadi kifuani, hakuna hata tuta. Na hakutosheka na kuona, aliuliza. Kina mama walikuwa wanachota maji, akawauliza kama bonde lile linalimwa au lina mifereji. Mmoja, mwenye kitambaa cha njano kichwani, ndiye aliyewajibia wengine. Alimwambia tangu enzi za mababu hakuna aliyepeleka jembe mle. Aliapa kwa Mungu.

Dorosela alimuuliza kwao Makete wanalima wapi. Milimani, alijibu, kwenye miteremko. Akamuuliza kama aliwahi kusikia vinyungu. Neno alilisikia, alisema, alidhani ni bustani za mboga nyuma ya nyumba.

Basi Dorosela, Mbena wa Uwemba, akamweleza kijana wa Makete. Vinyungu ni mashamba ya bondeni, hulimwa kiangazi. Mvua zikikatika na milima ikikauka, Wabena hushuka na majembe, wakachimba mifereji ya kuyatoa maji kinamasini, wakainua matuta katikati, wakapanda mahindi, maharage na maboga. Masika yakirudi huvuna na kupanda mlimani, na majani hulirudia bonde kama vile halikuwahi kuguswa. Anayekwenda Aprili haoni kitu. Lakini mfereji haufi kwa kufunikwa na majani. Unalala tu, mdomo wazi.

Anania aliigeukia kompyuta. Alivuta kiti, akaanza kuibadilisha hesabu. Alipunguza kinywa cha ardhi. Aliyafupishia maji safari yao, kutoka kutangatanga kinamasini hadi kukimbia mferejini. Mashine ikakoroma kidogo, ikafuta mstari wa zamani, ikachora mpya.

Ulikuwa mwiba. Mto ulilala chini, halafu ukasimama wima, katikati ya mchana.

Kijana alivua kofia. "Dereva alisema kweli," alisema. "Alishuka, akatazama, na mto ulikuwa mpole. Mimi ndiye niliyemfunga."

"Kompyuta yako imebadili maelezo," Dorosela alimjibu. "Shahidi akibadili maelezo, hakimu humuuliza kwa nini. Afande Lameki atasema umebonyeza vidude hadi ukapata ulichokitaka, na atakuwa na haki. Nataka mtu. Mtu wa Lihova atakayesema kwa mdomo wake: mifereji ipo, tulichimba."

Wakaondoka pamoja mchana uleule.

Lihova ilikuwa bado katika msiba. Saba kutoka kijiji kimoja ni wengi. Hapakuwa na ua usio na mtu aliyenyoa nywele. Dorosela alipita nyumba kwa nyumba akisalimia kwa Kibena, kamwene, naye akijibiwa kwa heshima, akapewa kigoda, akapewa hata kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, alichokipokea na kukiweka chini. Walimwambia kila kitu kuhusu marehemu. Kuhusu bonde walimwambia halilimwi. Walilisema kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kama watoto wanaosoma sala, na hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa mahali penyewe. Watu wasio na siri hutofautiana.

Wa mwisho alikuwa Yudita, ambaye kila mtu alimwita Mama Ida. Kitambaa chake cha njano kilikuwa kimeanikwa kwenye uzio. Kichwani alifunga cheusi. Nyuma ya nyumba, karibu na mianzi, palikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujakaa. Ida, binti yake wa pekee, alikuwa mdogo kuliko wote juu ya lile Fuso.

Mama alimtazama Anania kwa muda. "Wewe nakukumbuka," alisema. "Ulikuwa na mkoba."

Dorosela hakumuuliza kama bonde linalimwa. Alimweleza habari za Hamis: yuko mahabusu, kesi ni Jumatatu, na taarifa inayomtia hatiani imejengwa juu ya sentensi moja iliyosemwa kisimani. Akamweleza kwamba serikali haitachimbua kaburi la mtu kutafuta saa ya kifo chake, itaamini karatasi. Kisha akanyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza, na kwa kazi ile kimya humaliza mengi kuliko kofi.

Yudita aliinuka, akachukua jembe. "Twendeni."

Waliteremka kwenye kinamasi. Majani yalikuwa yamesimama hadi kifuani, mabichi, yasiyo na hatia. Mama aliyagawa kwa mpini, akapiga hatua kadhaa, akamwambia Anania aje asimame pale. Anania alikanyaga na kuzama hadi kiunoni. Alipoyasukuma majani pembeni, aliuona mfereji: umenyooka kama uliopigiwa kamba, kuta zake bado zina alama za jembe, unashuka hadi mtoni bila kupinda. Ukutani mwake mingine midogo ilifungua midomo, kushoto na kulia, hadi macho yalipokoma. Alibaki amesimama ndani yake, mikono imeinuliwa juu ya maji, akigeuka huku na huku.

Yudita alieleza, na Dorosela akiandika juu ya goti. Zamani walilima mlimani na mbolea ilikuja kwa mkopo. Mbolea ikaacha kuja kwa mkopo. Ikaja madukani Makambako, kwa bei ya mwenye duka. Mlima bila mbolea haukutoa hata mbegu yake. Lakini bonde lina udongo mweusi usioomba kitu, na malori ya wafanyabiashara yalikuwa yanapita yakitafuta viazi. Wakaita mgowe, kazi ya pamoja, kijiji kizima kwa zamu, na mfereji mkubwa ukachimbwa. Yeye ndiye aliyeuita huo mgowe. Yeye ndiye aliyepika togwa na kusimamia kamba.

Halafu akaja mtu mwenye mkoba, bwana shamba mmoja. Akauliza kwa upole, mnalima humu? Wakajibu kwa fahari, tunalima. Akarudi na mgambo, kwa kuwa ni marufuku kulima vyanzo vya maji, wakayafyeka mahindi yakiwa yamebeba, wakang'oa viazi vikiwa vidogo kama gololi. Mwaka ule watoto walikula magimbi ya porini. Tangu hapo kijiji kilikubaliana juu ya jibu moja, kwa yeyote mwenye mkoba.

"Ukaja wewe," alimwambia Anania.

Anania alikuwa amekwisha kutoka mferejini, tope linamdondoka. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeogopa sauti yake mwenyewe. "Mama, ungeniambia kweli ningeweka mabomba matatu. Hata manne. Mimi sikuwa mtu wa mazao. Nilikuwa natafuta njia ya maji tu."

"Ulisema hivyo?"

Hakuwa amesema. Aliuliza swali lake na kuandika jibu, akaaga.

Walirudi nyumbani. Dorosela aliyanakili maelezo kwa mwandiko safi, akayasoma kwa sauti, moja moja: kwamba mifereji ipo, kwamba alisimamia kuchimbwa kwake, kwamba alimdanganya mhandisi akijua ni uongo, kwamba kutokana na mifereji hiyo mto Lihova hupanda ghafla mchana na si pole pole usiku. Yudita alitikisa kichwa kukubali kila mara. Kwa maelezo yale Hamis angetoka. Kwa maelezo yaleyale angeingia yeye, na Dorosela alimwambia hivyo bila kumficha: kulima chanzo cha maji ni kosa, kumdanganya mtumishi wa serikali ni kosa, na wenye misiba sita ya jirani wataisikia karatasi hii ikisomwa.

"Tutaongeza mstari mmoja mwishoni," alisema, kalamu imeinuliwa. "Kwamba unajuta, na unaomba radhi kwa familia za marehemu na kwa serikali. Mahakimu huutazama sana mstari huo, mama. Umefiwa. Utarudi nyumbani."

Yudita alikuwa anatazama kule kwenye mianzi.

"Ida alizaliwa mwaka waliofyeka," alisema. "Sikuwa na maziwa. Kinyungu cha mwaka uliofuata, kilekile nilichokuja kukiapia uongo, ndicho kilichomnyanyua akatambaa. Kilimvisha viatu. Kilimpeleka shule hadi akajua kusoma jina lake. Siku ile alikwenda kuuza viazi vyake mwenyewe, tuta lake mwenyewe, alikuwa anacheka. Kama ningemwambia huyu kijana kweli, wangerudi kufyeka. Kama ningejua kitakachotokea, ningemwambia. Sikujua. Nilijua njaa."

"Hakimu hatayajua yote hayo."

"Ajue asijue. Yule dereva hana kosa, mtoeni, mkewe anamsubiri. Niliyoyafanya umeyaandika, na ni ya kweli yote, leta wino niweke dole gumba." Alinyoosha mkono, umekauka udongo mweusi kwenye mistari ya kiganja. "Huo mstari wa mwisho usiuandike, mwanangu. Nimemzika mwanangu kwa mikono hii. Radhi siombi."